Mtini: mti wa matunda wa mpangaji, ila chunga usiuziwe wa majani matupu

Msomaji, mwezi wa Ramadhani unapokaribia, pitia maduka ya Eastleigh hapa Nairobi au yale ya Mji wa Kale kule Mombasa. Kando ya tende utaona matunda makavu ya rangi ya kahawia, yamebonyezwa yakawa bapa na kutungwa kwenye uzi au kufungwa kwenye karatasi ya nailoni. Hizo ndizo tini, na nyingi husafirishwa kutoka Uturuki. Wengi wetu tunazijua kwa kuzisoma kuliko kwa kuzila. Twajua kuwa Adamu na Hawa walijishonea nguo za majani ya mtini, na kwamba Sura ya 95 ya Kurani Tukufu ina jina la tunda hili. Lakini uliza katika ploti yenu ni nani aliyepanda mtini, na huenda usipate hata mmoja.

Jambo hili linashangaza, kwa maana ni vigumu kupata mti mwingine wa matunda unaomfaa mtu wa mjini kama huu. Mwembe na mparachichi inataka ardhi na miaka mingi, na siku mwenye nyumba akikupandishia kodi ukaamua kuhama, utaviacha vikimzalia mwingine. Mtini nao hukubali kuishi katika ndoo. Ukipandwa kwa pingili nzuri huweza kuzaa katika mwaka wa pili, na siku ya kuhama unaupakia kwenye pikapu pamoja na meko na makochi. Ni mti wa mpangaji hasa.

Ila kuna mtego. Ipo mitini ambayo hapa kwetu haitakupa tunda la kula hata uilishe samadi ya zizi zima. Itastawi, itatoa majani mapana ya kupendeza, hata vitunda vidogo vya kijani vitachomoza na watoto kuanza kuvihesabu. Kisha vitanyauka na kudondoka kimoja kimoja. Anayeuza miche kando ya barabara aghalabu hajui tofauti, na wewe utaijua baada ya miaka mitatu, wakati pesa na subira vimekwisha. Kwa hiyo kabla hatujagusa jembe, natuelewe tunda lenyewe.

Kusema kweli, tini si tunda kama embe lilivyo tunda. Ni kama kifuko kilichofumba maua mamia kwa ndani. Ndiyo maana hutaona mtini umechanua: maua yamo tumboni mwa tini yenyewe, na mlango pekee ni kile kitundu kidogo kilicho chini, ambacho wakulima hukiita jicho. Nyuki hawezi kupita hapo. Anayeweza ni nyigu mmoja mdogo sana, mdogo kuliko sisimizi, ambaye asili yake ni nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania na Mashariki ya Kati.

Nyigu huyo huzaliwa ndani ya tini za mti dume. Tini hizo ni kavu na hazina utamu, na wenyeji wa kule waliziona ni chakula cha mbuzi, hata wakaziita hivyo. Nyigu jike akitoka humo hubeba chavua mwilini, akatafuta tini nyingine ya kutagia. Akiingia katika tini ya mti jike, mabawa yake hukatika mlangoni kwa jinsi kitundu kilivyo chembamba. Humo ndani hawezi kutaga, maana maua yake hayamruhusu, lakini katika kuhangaika huyapaka chavua. Hufia humo humo, na tini huanza kunenepa.

Wanafunzi wengi wakifika hapo huuliza: je, basi tunakula wadudu? Katika aina zinazomhitaji nyigu, mdudu huyo huyeyushwa na kimeng'enya kilichomo ndani ya tini, na vile vinavyotafunika kama mchanga ni mbegu wala si mabawa. Katika aina nitakazokushauri upande, nyigu hakuingia kabisa. Kula kwa amani.

Sasa mtego uko hapa. Aina mashuhuri ya Uturuki iitwayo Smyrna, jina la kale la mji wa Izmir, haiwezi kuivisha tini bila huyo nyigu. Wakulima wa California nchini Marekani walilijua hilo kwa uchungu. Katika miaka ya 1880 waliagiza pingili za Smyrna kwa maelfu, wakapanda mashamba makubwa, na miaka ikapita tini zikidondoka changa. Wako waliodai kuwa Waturuki waliwauzia miti mibovu makusudi. Wakati huo wakulima wa Uturuki walikuwa wakiendelea na desturi yao ya tangu jadi ya kuning'iniza tini dume katika matawi ya miti jike, na wasomi wa Marekani wakiicheka kuwa ni ushirikina. Hatimaye, mwaka 1899, mtaalamu wa serikali aitwaye Walter Swingle alifaulu kuwapeleka nyigu California kutoka Algeria, na mashamba yakaanza kuzaa. Smyrna ya California ikabatizwa jina jipya, Calimyrna. Kicheko kilihama upande.

Sisi hatuna haja ya kuagiza nyigu. Katika mitini kuna kundi jingine, wataalamu huliita la kawaida, ambalo huivisha tini zake bila chavua wala mdudu. Si jambo geni. Karibu na Gilgal katika bonde la Mto Yordani, wachimbuaji wa mambo ya kale walipata tini zilizoungua ambazo zinakadiriwa kuwa na miaka zaidi ya 11,000, na watafiti waliozichunguza walitangaza mwaka 2006 kuwa zilikuwa za kundi hili lisilohitaji nyigu. Kama hesabu yao ni sawa, basi binadamu alipanda pingili za mtini kabla hajapanda ngano. Katikati ya makundi haya mawili kuna la tatu, kama ile iitwayo Desert King, ambalo huivisha tini za mwanzo zinazotokea kwenye matawi ya zamani, lakini zile zinazofuata kwenye matawi mapya humngoja nyigu. Liache. Lina mambo mengi.

Kutokana na hayo yote, kanuni ni hii: usipande mtini kwa mbegu. Najua watoto wana hamu ya kuchokonoa mbegu katika tini kavu ya dukani na kuziotesha katika kikopo. Kwa somo la sayansi ni jambo zuri, zitaota. Lakini tini nyingi kavu za Uturuki ni jamii ya Smyrna, na karibu nusu ya miche yake itakuwa midume, ile ya chakula cha mbuzi. Iliyobaki mingi itamdai nyigu kama mama yao alivyodai. Nazo mbegu za tini za kundi la kawaida, zikiwa hazikupata chavua, huwa ni maganda matupu na hazioti. Kwa vyovyote mbegu haikufai. Panda pingili, na pingili hiyo itoke katika mti ambao wewe mwenyewe umeuona na tini mbivu, hapa hapa nchini. Muuzaji akikwambia mche wake ni wa aina bora kutoka ng'ambo, mwombe akuonyeshe mti mama. Akikosa, mshukuru na uende zako.

Huenda ukauliza, mbona mikuyu na mikumo yetu inazaa bila shida? Ni kweli, hiyo ni ndugu ya mtini. Mkuyu ndio ule Zakayo aliopanda amwone Yesu, na mugumo una heshima yake kwa Wakikuyu tangu zamani. Wakazi wa Nairobi watakumbuka ule mti mkubwa wa jamii hii ulioko Waiyaki Way, Westlands, uliokuwa uondolewe kupisha barabara ya Expressway, hadi amri ya Rais ya Novemba 2020 ilipouokoa. Miti hiyo ina nyigu wake yenyewe, tofauti kwa kila aina, na hawaingiliani na mtini. Kuwa na mkuyu jirani hakutausaidia mtini wako.

Tuje kwenye kuchagua. Kwa anayeanza na ambaye nafasi yake ni roshani, mimi humwelekeza kwa Brown Turkey. Tini zake ni za rangi ya kahawia iliyochanganyika na zambarau, utamu wake ni wa wastani, na mti wenyewe huvumilia kukatwakatwa kwa sababu huzaa vizuri kwenye matawi mapya. Jihadhari tu kwamba jina hilo limebandikwa kwa aina zaidi ya moja duniani. Ya Uingereza si ya California. Ndiyo sababu nimesisitiza mti mama.

Mwenye uwanja na ataka utamu hasa, atafute Black Mission. Ngozi yake ni nyeusi yenye zambarau, nyama yake ya waridi, na ladha yake nzito kama asali iliyokolea. Wamishenari wa Kifransisko kutoka Uhispania waliipeleka California katika karne ya 18, na jina likatokana na misheni zao. Ila mti wake hukua mkubwa, na ndoo utaiona ndogo upesi. Kadota ni ya kijani-manjano, ngozi yake ni ngumu kiasi, na kwa jemu au kukausha sijui ya kuipita. White Adriatic hukudanganya macho: kwa nje ni ya kijani utadhani bado mbichi, ukiipasua ndani ni nyekundu kama jemu ya stroberi. Watoto huipenda kwa sababu hiyo, na ndege hukawia kuigundua kwa sababu hiyo hiyo. Kuna pia Celeste, ndogo na tamu, ambayo jicho lake hufumba vizuri hata siafu na maji ya mvua yasipate njia.

Ukishapata mti mama, omba tawi lililokomaa, la unene wa penseli au zaidi kidogo. Kata pingili ya sentimita 20 hivi yenye macho matatu au manne. Utomvu mweupe utachuruzika. Uache ukauke kwa siku moja kivulini. Utomvu huo huwasha, na ukikupata kisha ukakaa juani, ngozi yaweza kutoka malengelenge. Vaa glavu au funga mkono kwa mfuko wa plastiki, na usiwaache watoto wadogo wacheze na majani. (Jinsi Adamu na Hawa walivyostahimili nguo zile, hakuna aliyetuandikia.) Changanya mchanga na mboji nusu kwa nusu katika kikopo chenye matundu, chomeka pingili theluthi mbili ziwe chini, mwagilia mara moja, uweke penye kivuli. Baada ya hapo maji yawe kidogo sana, maana pingili nyingi hufa kwa kuoza kuliko kwa kiu. Majani yakichipuka usishangilie upesi, mara nyingi hutangulia kabla ya mizizi. Usiing'oe kuchungulia. Ngoja kama miezi miwili.

Ndoo ya rangi ya lita 20 inatosha kwa miaka miwili ya kwanza. Ioshe vizuri, toboa matundu kitakoni, tandaza kokoto, kisha jaza mchanganyiko wa udongo mwekundu, mboji na mchanga. Walio Embakasi na pande zile za udongo mweusi, huo usiutie kabisa; unashika maji na mizizi ya mtini haitaki kuogelea. Mti ukikua uhamishie kwenye pipa lililokatwa nusu. Mizizi kubanwa kidogo si ubaya, hata husaidia kuupunguzia mti tamaa ya majani. Usiupande kamwe ardhini karibu na ukuta wa nyumba, bomba la maji taka au shimo la choo. Mizizi hufuata maji popote yalipo, na fundi bomba hatakusikiliza ukimwelezea utamu wa tini.

Sasa jua. Mtini wataka jua la saa sita au zaidi kwa siku, na hapa ndipo wakazi wa ghorofa hukosea. Kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, roshani inayotazama kusini haipati jua katika mwezi wa Juni, na inayotazama kaskazini hunyimwa Desemba. Inayotazama mashariki au magharibi hupata nusu siku mwaka mzima. Kama una roshani ya kusini, omba nafasi kwenye paa la nyumba zinapoanikwa nguo, na ikiwa mwenye nyumba ni mtu wa maneno, mpelekee tini za kwanza.

Maji yawe ya mpango. Mti wa ndoo ukikauka kabisa siku mbili za joto la Februari, huangusha tini zake ili ujiokoe. Samadi iliyoiva, vikonzi vichache kila baada ya miezi mitatu, yatosha. Mbolea ya dukani yenye naitrojeni nyingi itakupa majani. Kuhusu kupogoa kuna maneno mengi. Katika nchi za baridi mtini hulala wakati wa theluji, hukatwa, kisha huamka. Sisi hatuna theluji, na mti waweza kuzaa kidogo kidogo bila mpango. Kwa Nairobi na miinuko inayofanana nayo, nionavyo ni bora kupogoa mwishoni mwa Agosti, baridi inapoondoka. Ondoa theluthi moja ya kila tawi. Machipukizi yatoke na mvua za vuli, vitunda vichomoze, na kwa kuwa tini huchukua miezi mitatu hadi minne kuiva, zitakukuta kwenye jua kali la Januari na Februari. Tini inayoivia mvuani hupasuka, huchacha na kuvutia kila nzi.

Adui mkubwa si ugonjwa bali kuzumburu, yule ndege wa kijivu mwenye kishungi na mkia mrefu kama wa panya. Huja kwa makundi, na hujua siku ya kuiva kukuliko wewe. Shona vijifuko vya pazia kuukuu la neti na uvishe tini moja moja. Ni kazi nzuri ya watoto siku ya Jumamosi. Pwani na penye unyevu, majani hushikwa na kutu, madoa ya kahawia kwa chini, mpaka yakapukutika. Yaokote na kuyachoma, na mwagilia udongo wala si majani.

Usiichume mapema. Tini haiivi ikishakatwa, si kama ndizi. Ngoja shingo yake ilegee na kuinama, ngozi ianze kupasuka nyufa nyembamba, na mara nyingine utaona tone kama la asali kwenye jicho. Ukiikata na utomvu mweupe ukatoka kwenye kikonyo, umeiharakisha. Ikiwa mbivu hukaa siku mbili au tatu tu katika friji, na hiyo ndiyo sababu tini mbichi ni adimu sokoni na kwa nini mwenye mti wake nyumbani ana bahati.

Kwa afya, tini ina nyuzinyuzi nyingi, na wazee wa Pwani wanaoloweka tini kavu usiku na kuzila asubuhi kwa ajili ya tumbo lililofunga hawajakosea. Wenye ugonjwa wa kisukari wapime: gramu 100 za tini mbichi zina sukari gramu 16 hivi, lakini zilizokauka zina kama gramu 48.

Mwaka wa kwanza wa kuzaa hutapata zaidi ya kiganja, na hizo zile pale pale zikiwa na joto la jua. Zikizidi, pika jemu. Chukua nusu kilo ya tini, zikate vipande vinne vinne na ngozi zake, tia sukari robo kilo na maji ya ndimu moja kubwa, ziache saa nzima zitoe maji. Zibandike kwenye moto mdogo, koroga kwa mwiko kwa dakika 40 hivi mpaka zishikane. Tia kipande cha tangawizi ukipenda. Jaza katika chupa zilizochemshwa, funga zingali moto. Na chapati ya Jumapili asubuhi, chupa moja haifiki Jumatano.

Juma lijalo tutaangalia komamanga, ambalo nalo halidai shamba.